Anayeulizwa Kwanza

Kwetu mtu hapigi simu akaanza na jambo lake. Hata kama ana shida ya kulia, atauliza kwanza watu wa nyumba yako, mmoja mmoja, kuanzia mkubwa hadi mdogo, na wewe utamjibu kwa kila mmoja: huyu mzima, huyu anakohoa kidogo, huyu yuko kazini. Ukimruka mtu umemtukana. Ukiwafunga wote pamoja kwa "habari za huko," umeonyesha kwamba una haraka. Desturi hii tuliitoa katika milima ya Kivu ya Kusini, tukapita nayo kambini Burundi, tukashuka nayo kwenye ndege Louisville, huku Marekani, pamoja na mifuko yetu ya plastiki. Nyumbani kwetu tunaiita kuuliza nyumba.

Zamani nyumba yetu ilianzia kwa mama. Baba tulimwacha kaburini Burundi, yule wa mwisho akiwa bado anabebwa mgongoni. Tulikuwa watoto wanne: mimi, kisha dada yetu anayenifuata, kisha mdogo wangu wa kiume ambaye habari hii ni yake, kisha binti wa mwisho. Tulipewa nyumba ya kupanga upande wa kusini wa mji, mtaa wa Iroquois, katika majengo ya matofali ambako kila mlango ulikuwa na viatu vya nchi nyingine. Mama alipata kazi ya kusafisha vyumba vya hoteli. Aliifanya mpaka miguu ikaanza kuvimba, na daktari akasema ni mafigo.

Sitaieleza sana miezi ile. Mashine ya kusafisha damu ilimchukua asubuhi na kumrudisha mchana akiwa na rangi ya majivu. Mimi nilikuwa nimebakiza mwaka mmoja wa shule. Mwalimu mmoja mzungu, mtu mwema, aliniambia nivumilie nimalize. Nikamwambia sawa, mwalimu. Jumatatu iliyofuata nilikuwa katika kiwanda cha nyama ya nguruwe, nimevaa koti jeupe na glavu mbili kila mkono, nikikata bega la mnyama ambaye nyumbani hatukuwahi kumla.

Mama alipokufa, watu wa kanisa walitoa viti na meza nje, wakatandika magodoro sebuleni, wakakaa nasi chini mpaka matanga yakaisha. Walipoondoka waliturudishia meza mahali pasipo pake. Ilibaki hapo hapo mpaka tukahama.

Muda mfupi baadaye kanisa liliwapeleka watoto mapumziko ya Biblia, nje ya mji. Mdogo wangu alikuwa na umri wa miaka kama kumi. Alinipigia kwa simu ya mchungaji. Akaanza, kama alivyofundishwa:

"Mama ameamka..."

Nilisikia watoto wengine wakicheza nyuma yake.

"Anzia kwangu," nikamwambia. "Nyumba inaanzia kwangu sasa."

"Yaya, uko muzuri?"

Kwetu yaya ni ndugu mkubwa, awe wa kiume au wa kike.

"Niko mzima. Endelea."

Akaendelea. Dada mzima, mdogo mzima. Tangu siku ile hakuwahi kukosea tena.

Mpira aliupata shuleni. Sisi mpira tuliojua ni ule wa miguu, na huu wa Wamarekani, wenye ncha mbili kama ndizi iliyonenepa, ulituchekesha. Lakini aliutupa, na ulikwenda. Hakuwa mtoto mkubwa. Alikuwa na bega lisilochoka na macho yaliyotulia. Kocha alimpa mpira wa zamani aje nao nyumbani, na kwa kuwa hapakuwa na mwingine, mimi nilikuwa mtu wa kuupokea. Nikitoka kiwandani alasiri ananisubiri kwenye nyasi za bustani ya Iroquois, chini ya kilima.

Mtu aliyeshika kisu kwenye baridi siku nzima vidole vyake havifungi. Mpira ulipita katikati ya mikono yangu na kunipiga usoni. Nikaanza kuja na glavu za kazini, zikisaidia kidogo, zikinuka mafuta.

"Yaya, kimbia! Unakimbia kama mama mwenye mimba!"

"Na wewe unatupa kama unafukuza mbwa. Nitupie kama mtu, usinitupie kama mbwa."

"Sasa mbona mbwa angeudaka?"

Nilimkimbiza mpaka barabarani. Nalitaja hili kwa sababu watu wakisikia habari yake hudhani hatukucheka kamwe.

Alipofika sekondari wakamfanya kwotabeki. Wale wasioujua mchezo huu nawaeleza hivi: ni mtu mmoja anayepokea mpira kwanza, na wakati watu wazito wanamjia wamwangushe, yeye anaamua uende kwa nani. Wengine wote wanaweza kujificha katika kundi. Yeye hawezi. Mechi moja hukatwa katika michezo mifupi mingi, na kabla ya kila mmoja wenzake wanajikusanya mbele yake na anawaambia la kufanya kwa maneno marefu ya siri. Kocha wake alinisimulia, siku moja aliponirudisha nyumbani kwa gari lake, kwamba kijana huyu ana kitu cha ajabu: akiingia katikati ya wenzake anamtazama kila mmoja usoni, kwa zamu, hamruki hata mmoja, ndipo anasema. Aliniuliza nani alimfundisha. Nilimwambia sijui. Kiingereza changu kilikuwa hakitoshi kwa jibu lile.

Chuo kimoja cha Columbus kikamchukua. Tukahama wote. Tulipanga Hilliard, pembeni ya mji huo, ambako kulikuwa na Wakongo wengi na kanisa letu lilikuwa na tawi. Mimi nikapata kazi katika ghala upande wa Gahanna, karibu na uwanja wa ndege, kupakia maboksi kwenye malori huku ndege zikipita juu ya paa. Dada akapata kazi ya kutunza wazee. Binti wa mwisho akaanza kutujibu kwa Kiingereza hata tulipomsalimia.

Mdogo wangu alilala chuoni, kwa hiyo tulizungumza kwa simu. Aliuliza nyumba, nikamjibu, kisha akaniomba nimsikilize. Michezo ya chuo ina majina marefu: rangi, nambari, jina la mji, jina la mnyama, yote kwa pumzi moja, na kwotabeki, ndiye mrushaji wa mpira, lazima ayatamke bila kukwama. Aliyakariri kwangu nikiwa nimekaa ndani ya gari wakati wa mapumziko. Sikuelewa hata moja. Kazi yangu ilikuwa kusikia alipokwama.

"Hapo umeshika breki," namwambia.

"Wapi?"

"Baada ya mnyama."

Anarudia.

Alikaa kwenye benchi miaka miwili. Kanisani wamama walinihoji kwa huruma ambayo haikuwa huruma sana. "Donc, wanamsomesha mutoto wa watu ili akae tu ku benchi?" aliniuliza mmoja, mke wa mzee wa kanisa. "Hata mume wangu anaweza ile kazi. Anakaa vizuri kabisa." Wote wakacheka, na mume wake pia.

Mwaka wa tatu mrushaji wa kwanza aliumia goti, na mdogo wangu akaingia. Alishindwa mechi kadhaa, akashinda nyingine, mwaka wa nne akashinda zaidi. Nilikwenda kila nilipoweza kubadilishana zamu kazini. Uwanjani watu wote hutazama mpira. Mimi nilijizoeza kutoutazama. Nilitazama wale wanaomjia. Mpira ukishamtoka mkononi macho ya watu huenda nao angani, na ndipo mrushaji anapoangushwa, hakuna anayemwona. Nilimwona mimi. Anaanguka, anabaki chini kidogo, ananyanyuka, anapiga vumbi mapajani. Nikimaliza kuona amesimama sawa ndipo nawauliza waliokaa karibu yangu kama mpira umedakwa.

Siku ambazo timu kubwa huchagua vijana kutoka vyuoni, sebule yetu ya Hilliard ilijaa. Walileta sombe ya majani ya muhogo, fufu, mbuzi aliyechomwa na mchungaji mwenyewe. Siku ya kwanza ikapita, ya pili, ya tatu. Jina halikutajwa. Watu walikula polepole ili wasiwe wa kwanza kuondoka. Mchungaji alikuwa ameshaanza sala ya kufariji pale simu ya mdogo wangu ilipolia: timu ya Buffalo, ikisema haikumchagua lakini aje ajaribu, pamoja na wengine wengi. Mchungaji akageuza sala ile ile katikati kuwa ya shukrani, bila kuvuta pumzi. Mdogo wangu alikuja jikoni nilikokuwa naosha sahani, akaniegemea kwa bega.

Mwaka wa kwanza Buffalo hakucheza. Walimweka katika kikosi cha mazoezi, na kazi yake huko naona watu wengi hawaijui. Kila juma timu inajiandaa kukutana na timu nyingine, na inahitaji mtu wa kuigiza mrushaji wa adui. Basi mdogo wangu alikaa na picha za mtu fulani, akajifunza anavyosimama, anavyoshika mpira, anavyotazama kushoto akitupa kulia, kisha akawa mtu huyo mbele ya wenzake ili wajifunze kumwangusha. Juma lililofuata akawa mtu mwingine. Jumapili yenyewe, siku ya mechi, alikaa kando akiwa hajavaa nguo za kuchezea.

"Yaya, juma hili mimi ni nani, unajua?" alikuwa akisema kwenye simu baada ya kuuliza nyumba, na ananitajia.

"Na wewe mwenyewe unarudi lini?"

"Mwezi wa nane, kama Mungu akipenda."

Nilimtembelea mara moja wakati wa baridi. Nilidhani nimeijua theluji kwa kukaa Columbus. Ile ya Buffalo inatoka ziwani kama ukuta, na asubuhi nilikuta mlango wa chumba alichopanga haufunguki. Alikuwa ameshatoka dirishani, anamchimbia jirani yake mzee njia ya kutokea. Chumbani mwake kulikuwa na kitanda, picha ya mama aliyopigwa kambini, na karatasi za michezo zilizobandikwa ukutani mpaka juu ya choo.

Mwezi wa nane ukafika, mwaka wake wa pili. Nafasi ya kumsaidia mrushaji mkubwa ilikuwa moja, na waliokuwa wakiigombea ni wawili: yeye na mwenzake mmoja kutoka kusini, kijana mwenye adabu, mkubwa kuliko yeye kwa kimo. Kabla msimu haujaanza kuna michezo michache ya majaribio. Kocha alikuwa amemwambia mdogo wangu kwamba ule wa mwisho ataanza yeye, na baada ya hapo watachagua. Aliniambia hivyo kwa sauti ndogo, kama mtu aliyebeba maziwa yaliyojaa.

Katika mchezo uliotangulia ule wa mwisho nilikuwepo. Nilitoka Columbus alfajiri na binti wa mwisho, aliyekuwa likizo. Dada alibaki na wazee wake. Jua lilikuwa kali na viti nusu vilikuwa tupu, maana watu hawaji sana kwenye michezo ya majaribio. Yeye aliingia kuelekea mwisho. Alitupa vizuri. Naweza kusema hivyo bila upendeleo, hata waliokaa nyuma yangu, wasionijua, walisema.

Kisha akatupa mmoja mrefu, kushoto, watu wote wakasimama kuufuata, na mimi nikamtazama yeye. Mtu aliyekuja hakumpiga vibaya. Alimsukuma tu kifuani, kama mchezo unavyoruhusu, akaanguka nyuma, na kisogo cha helmeti kikagonga chini. Hakuna aliyekosea. Alinyanyuka upesi kuliko kawaida yake. Hakupiga vumbi mapajani. Kule mbele mpira ulikuwa umedakwa na uwanja unapiga kelele, akakimbia kuwafuata wenzake, akawatajia michezo mifupi iliyobaki, na mechi ikaisha.

Jamaa za wachezaji husubiri nyuma ya uzio, karibu na mlango wanakotokea wakishaoga. Alitoka na begi begani, nywele mbichi, anatabasamu. Akanikumbatia. Akamkumbatia mdogo wake. Kisha akasimama mbele yangu sawasawa, kama tulivyolelewa, akauliza nyumba.

"Mama ameshindaje? Mguu umepungua?"

Binti wa mwisho alicheka, akamwambia kwa Kiingereza aache utani wa namna hiyo. Yeye hamkumbuki mama. Mdogo wangu hakumsikia.

"Na wewe yaya, uko muzuri? Dada?" Akaendelea mpaka mwisho, kwa mpangilio, bila kumruka mtu.

Desturi inataka kila mtu ajibiwe. Nikasema, "Mama yuko wapi?"

Alitazama kuelekea kwenye magari, kama mtu anayekumbuka saa. "Si yuko hoteli? Anatoka saa kumi."

Nikamkalisha juu ya ukuta mfupi wa saruji. Sikutaka kuamini, nikamwambia anikaririe mchezo, mmoja wa ile mirefu. Akaukariri. Rangi, nambari, mji, mnyama, bila breki hata mahali pamoja. Nikamwambia mwingine. Akaukariri huo pia, na macho yake yalikuwa yametulia kama siku zote. Mpira ulikuwa kichwani mwake wote, haukudondoka hata punje. Kilichodondoka ni sisi. Nikaelewa kwamba wakimuuliza mambo ya uwanjani atawajibu yote, na keshokutwa atarudi mazoezini, na juma lijalo atasimama tena mahali pale watu wamjie.

Tulikaa. Binti wa mwisho alimletea maji. Pole pole nikaona uso wake unabadilika, kama mtu anayeingia chumba ambacho taa imezimwa na anapapasa ukuta.

"Nimesema nini?" akaniuliza.

"Umemuuliza mama."

Alifunga macho. "Ulimi tu, yaya. Nimechoka."

"Ulisema yuko hoteli."

"Bon. Imepita. Tazama, imepita. Niulize kitu chochote."

"Nitawaambia."

Alinishika mkono, pale pale juu ya ukuta, kwa mkono ule ule wa kutupia. "Yaya, wakisikia kichwa, mchezo wa mwisho sichezi. Sichezi, anacheza yule. Akicheza yule imekwisha. Unaelewa? Siyo mpaka mwakani. Imekwisha."

"Naelewa."

"Watu wanapigwa kila siku. Wewe ulikatwa kidole ukaenda kazini kesho yake."

"Kidole hakinisahaulishi mama."

"Yaya, nakuomba. Sijawahi kukuomba kitu."

Ni kweli. Hakuwahi. Hata viatu nilimnunulia nilipoona vimetoboka. Watoto waliofiwa mapema hawaombi, wanasubiri uone. Nilimtazama na nikaona mtoto wa miaka kumi, na nikaona pia mtu mzima aliyefanya kazi ya kuwa adui mwaka mzima ili siku moja aitwe kwa jina lake. Wote wawili waliniomba.

Binti wa mwisho akasema, kwa Kiswahili, lugha ambayo sikuwa nimeisikia kwake muda mrefu: "Tumpeleke nyumbani tu, alale."

Nikanyanyuka nikaenda mlangoni. Kulikuwa na mlinzi. Nilimwambia namtaka daktari wa timu. Akaja mama mmoja wa makamo, amefunga nywele nyuma, akaniuliza kuna nini. Njiani nilikuwa nimepanga sentensi nyingi, zote zikanitoka. Nikamwambia kwa Kiingereza changu: yule ni ndugu yangu. Alianguka kwa kichwa. Baadaye ameniuliza habari za mama yetu. Mama yetu amekufa, yeye alikuwa mtoto.

Daktari hakuuliza la pili. Alikwenda mpaka kwenye ukuta, akachuchumaa mbele yake, akazungumza naye taratibu, kisha akamshika kiwiko wakaondoka pamoja. Mdogo wangu alipita karibu yangu. Alisema neno moja tu, na hakulisema kwa hasira.

"Mama angenyamaza."

Sijui kama ni kweli. Nimelifikiria kwenye foleni ya malori, nimelifikiria kanisani. Mama alinyamazia mambo mengi. Miguu yake yenyewe aliinyamazia mpaka ikawa haiingii kwenye viatu.

Walimweka kwenye chumba chenye giza siku kadhaa, wakampima na kumpima tena. Walimtunza vizuri, sina neno. Mchezo wa mwisho aliuanza yule wa kusini. Tuliutazama Hilliard, mimi na dada, sauti ya televisheni tukiwa tumeizima. Alicheza vizuri. Dada alikuwa akikunja nguo za wazee, akakunja shati moja mara nyingi sana, akalifungua, akalikunja tena. Walipotangaza wachezaji waliobaki, jina la mdogo wangu halikuwemo, na hata katika kikosi cha mazoezi walikuwa wameshamchukua mwingine wa kuwa adui.

Nilidhani atakuja nyumbani. Nilisafisha chumba, nikaweka pazia zito dirishani kwa sababu mwanga ulikuwa bado unamuumiza. Hakuja. Alibaki Buffalo. Akapata kazi katika ghala, kama mimi, kupakia maboksi, na asubuhi anakimbia na kutupa mpira kwenye wavu nyuma ya shule moja, akisubiri timu nyingine impigie. Kichwa kimepona, wanasema. Hayo nayajua kwa kumsikia akimwambia dada.

Maana mimi hanipigii simu tena. Anampigia dada, Jumapili tukitoka ibadani, wote tukiwa mezani, na dada anaiweka simu katikati ya sahani ili sote tusikie. Mara ya kwanza nilivuta kiti karibu. Sauti yake ilikuwa ile ile.

"Dada, uko muzuri?"

Dada akanitazama. Binti wa mwisho akaacha kutafuna.

"Mdogo wetu je? Shule inaendaje?"

Akamaliza. Nyumba nzima ilikuwa imeulizwa, ikaanzia kwa dada. Mtu wa nje angesikia salamu za kawaida. Sisi tulijua ni nani huwa harukwi, na ni nani peke yake anayerukwa bila kutukanwa: yule aliyezikwa.

Dada alishika kijiko kwa nguvu. "Wote wazima," akasema. Kisha akaongeza, polepole, jambo ambalo hakuulizwa: "Na yaya yuko hapa."

Nilisikia lori likipita nje ya dirisha lake.

"Sawa," akasema, akaanza kueleza habari ya theluji.

Imekuwa hivyo tangu wakati ule, na msimu mwingine umepita. Dada anataka kumgombeza, namkataza. Binti wa mwisho ananiuliza kwa nini basi nakaa mezani nisikilize, kila Jumapili, jambo linaloniumiza. Simwambii. Yeye hakuwa akisikiliza michezo mirefu ndani ya gari pale Gahanna, hajui mtu husikiliza nini.

Simu inapolia naweka kijiko chini. Nasubiri neno lake la kwanza, nikiomba lisiwe "Mama," kama siku ile nyuma ya uzio. Akisema "Dada," navuta pumzi na kuendelea kula.